Nusu Saa ya Kwanza

Kijana anayetuwekea nyimbo na sinema kwenye memori, pale karibu na soko, aliniuliza mara mbili. "Muzee, unasema ya nani?" Nikamwambia Columbo. Akaandika kwenye simu yake, zikatoka picha za Christopher Columbus na meli zake. Tukacheka wote wawili. Nikamweleza: si yule wa meli, huyu ni polisi, ana koti la mvua lililokunjamana na sigara nene mkononi, na mimi nataka ile ya kwanza kabisa, ya 1968, iwe ya Kifaransa. Alinitazama kama naulizia dagaa kwenye duka la misumari. Siku ya nne akaniita: imepatikana. Nikamlipa shilingi 1,000, nikarudi nyumbani na memori imefungwa kwenye leso kama pesa.

Nataka kuandika juu ya usiku tulioitazama. Lakini kwanza lazima nieleze kwa nini mtu mzima, mwenye faili linalosubiri na paa linalovuja, anatafuta sinema iliyotoka kabla yeye hajazaliwa.

Mimi ni mtu wa Uvira. Baba yangu mdogo alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba, na kwa ajili ya kazi ile alikuwa na vitu viwili ambavyo kwetu vilihesabika kwa vidole: televisheni na deki. Kaseti zake hazikuzidi tano. Moja ilikuwa ya karate. Moja ya harusi ya bosi wake, na hakuna aliyejua kwa nini anaitunza. Na moja ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: COLUMBO. Mimi na mdogo wangu tuliitazama hiyo mpaka mkanda ukaanza kutoa mistari myeupe. Mwaka 1991 mimi nilikuwa na miaka 11, yeye 9.

Kifaransa chetu kilikuwa cha darasani, cha kuhesabu na kusalimia. Baba mdogo ndiye aliyekuwa anatafsiri. Anavuta kiti karibu na televisheni, anaegemea, na kila Columbo akifungua mdomo, baba mdogo anamsemea kwa Kiswahili. Sauti ya Kifaransa ilikuwa ya Serge Sauvion, mwigizaji aliyempa Columbo sauti kwa miaka mingi, sauti ya kukwaruza kidogo. Lakini kwangu mimi Columbo ni baba mdogo. Mpaka leo nikimwaza, anaongea kwa lafudhi ya Uvira.

Mdogo wangu ndiye aliyeshikwa na ugonjwa wenyewe. Baba mdogo alikuwa na koti la mvua la kiwandani, la plastiki ya njano. Mdogo wangu analivaa, linamfika visiginoni, linafanya kelele kama mfuko wa nailoni. Anatembea taratibu mpaka mlangoni, tunafikiri ameondoka. Kumbe! Anasimama, anaweka mkono kwenye paji la uso, anageuka. "Ah. Kitu kimoja tena." Alimfanyia mama: "Mama, kitu kimoja tena, hii sukari jana ilikuwa vijiko ngapi?" na sukari ameila yeye mwenyewe. Alimfanyia mwalimu, akachapwa. Alimfanyia padri, padri akacheka.

Vita vilipofika 1996 tulivuka ziwa tukaingia Kigoma, tukaletwa hapa Nyarugusu wakati kambi yenyewe bado ni pori. Sitaeleza hayo. Wengi wenu mnayajua, na wengine mmeyaandika vizuri kuliko mimi katika kurasa hizi hizi. Mdogo wangu alikuwa kati ya wale waliorudi nyumbani kwa hiari wakati meli zilipoanza kupeleka watu Baraka. Alisema amechoka kula chakula cha kupimiwa. Alioa huko, akalima, 2010 akapata mtoto wa kiume. 2012 alitoka shambani jioni na hakufika nyumbani. Mama wa mtoto naye alikwenda baada ya miezi michache, kwa ugonjwa. Shangazi yetu akamleta mtoto kwa boti, usiku, amefungwa kwenye kitenge, ana miaka miwili.

Nilipofika kwenye meza ya kuandikisha wakaniuliza: "Huyu nani?" Nikasema: "Mwanangu." Kwetu hilo si uongo. Mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, hakuna neno lingine la kumwita. Lakini mkalimani alikuwa mtu makini, akauliza tena: "Wa kumzaa mwenyewe?" Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, mtoto alikuwa analia, na tulikuwa tumesikia kwamba mtoto asiye wako wanaweza kumweka kwenye karatasi yake peke yake. Nikasema: "Ndiyo."

Neno moja tu, nalo lilikaa kwenye karatasi miaka zaidi ya kumi.

Sasa tuje kwenye sinema.

Wale ambao hamkuwahi kuiona, iko hivi. Ilitoka Marekani, kwenye televisheni ya NBC, tarehe 20 Februari 1968. Walioiandika ni Richard Levinson na William Link, marafiki wawili walioandika pamoja tangu ujana, na kabla ya hapo ilikuwa mchezo wa jukwaani. Ilitolewa kama sinema moja tu, imekwisha. Watu wakaipenda, 1971 wakatengeneza nyingine ya kujaribu tena, na Septemba mwaka ule ule mfululizo wenyewe ukaanza. Kipindi cha kwanza cha mfululizo kiliongozwa na kijana wa miaka 24 ambaye hakuwa na jina bado, Steven Spielberg. Columbo ni Peter Falk, mwenye jicho moja la kioo tangu akiwa na miaka 3. Zamani sikujua hilo. Nilifikiri anakodoa vile kwa kuwa ana akili.

Tuliitazama Jumapili usiku. Simu niliichajia kwa jirani mwenye sola, ilikuwa na asilimia 62, tukaiegemeza kwenye mfuniko wa sufuria. Mimi, kijana, dada yake, na mama yao pembeni anachambua maharage kwa tochi. Mimi ndiye mtafsiri. Baba mdogo hayupo tena duniani, kiti chake nimekirithi bila kuombwa.

Mwanzoni watoto walichoka. "Papa, polisi yuko wapi?" Polisi hayupo. Kuna daktari wa magonjwa ya akili huko Los Angeles, Ray Fleming, mtu wa suti safi na maneno laini. Mke wake, Carol, amechoka kudanganywa, anatishia kumwacha na kumwaga siri zake. Daktari ana mwanamke wa pembeni, Joan, mwigizaji ambaye pia ni mgonjwa wake. Daktari anamwambia mkewe twende mapumziko Acapulco, Mexico, tusahau yote. Kisha anavaa glavu na kumkaba shingo. Anavunja kioo ionekane ni wezi. Joan anavaa gauni la marehemu, nywele za bandia na miwani nyeusi, wanapanda ndege pamoja, wanajifanya wamegombana mbele ya watu, "mke" anashuka kwa hasira, daktari anasafiri peke yake. Mashahidi wamejaa ndege nzima. Vitu vya fedha alivyoiba nyumbani kwake mwenyewe anavitupa baharini huko huko.

Yote haya tunayaona kwa macho yetu. Zaidi ya nusu saa inapita. Ndipo daktari anarudi nyumbani na begi lake, anafungua mlango, na kuna mtu mfupi ndani ya nyumba yake.

"Ndiye huyu?" akauliza kijana. Alitegemea mtu mwenye misuli.

Ndiye. Na mimi mwenyewe nilishangaa. Columbo huyu wa kwanza bado hajachakaa. Nywele zimechanwa, uso ni wa kijana. Ile gari mbovu na yule mbwa vilikuja baadaye. Lakini mambo mengine yapo tayari: anapapasa mifuko, anamtaja mke wake ambaye hatumwoni kamwe, anaomba radhi, anakwenda mlangoni, anageuka. Kijana akacheka kwa sauti alipogeuka mara ya kwanza. Mimi sikucheka, nilikuwa nameza mate.

Kuna swali moja analomwuliza daktari ambalo nililipenda tangu utoto. Kwamba ulipoingia nyumbani hukumwita mke wako. Basi! Ndilo hilo tu. Mtu akirudi safari anaita jina, hata kama waligombana, hata kama hajui yuko chumba gani. Daktari hakuita, kwa kuwa alijua hakuna wa kuitika. Na jingine: mizigo yake wakati wa kwenda ilikuwa mizito kuliko wakati wa kurudi. Mama watoto akaacha maharage. "Hilo la mizigo lingemshika mwanamume yeyote," akasema. Daktari ana jibu kwa kila swali. Jibu lake halina tundu, na ndiyo maana Columbo haondoki.

Nilipokuwa mtoto niliona raha tupu katika maswali yale. Safari hii sikuona raha. Wiki tatu kabla ya Jumapili ile mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha daktari.

Kesi yetu ya nchi ya tatu ilikuwa imefika mahojiano ya pili. Wenye kujua mnajua. Chumba kidogo, meza, feni isiyozunguka, ofisa upande ule, mkalimani katikati, wewe upande huu na kadi yako ya mgao mkononi kama tiketi. Ofisa alikuwa mwanamke mpole, mtu wa mbali lakini ameshakaa Kigoma miaka. Hakunifokea hata mara moja. Alisema "Baba, swali la mwisho," na baada ya la mwisho yakaja mengine tisa.

Aliuliza kuhusu kijana. Dada yake ana karatasi ya kliniki ya hapa kambini, yeye hana. Alizaliwa wapi? Nikasema nyumbani. Kwa nini si kliniki? Nikasema mvua ilikuwa kubwa usiku ule, njia ilijaa maji, tusingefika. Nilisema kwa ufasaha, jamani. Niliweka na radi. Niliweka na jirani aliyekuja na mwavuli. Yeye akaangalia karatasi, akasema taratibu kwa Kiingereza, na mkalimani akanirudishia kwa Kiswahili:

"Mvua. Mwezi wa saba."

Hakuniuliza. Alisema tu, akaandika, akageuza ukurasa. Mtoto wa miaka mitano wa Kigoma anajua kwamba mwezi wa saba hakuna mvua, kuna vumbi jekundu na mafua. Nilihisi jasho likishuka mgongoni.

Hapa nataka niseme jambo ambalo nimelifikiria sana, hasa kwa nyinyi mnaokaa upande ule wa meza na ambao najua mnasoma kijarida hiki. Columbo ni rahisi kumpenda kwa sababu sisi tumeiona ile nusu saa ya kwanza. Tumeona glavu. Tumeona kioo kikivunjwa. Kwa hiyo kila akirudi na swali, tunajua ana haki, hata akisumbua, hata akiwa na dharau iliyojificha ndani ya upole. Laiti wangeikata ile nusu saa, tungeona nini? Mtu aliyefiwa na mkewe, na askari asiyetaka kumwacha apumue.

Kwenye mahojiano yetu hakuna aliyeiona nusu saa ya kwanza. Ofisa hakuwepo. Mkalimani hakuwepo. Mimi tu nilikuwepo, na mimi mwenyewe niliiona gizani, nakimbia, nimebeba mtoto wa mtu mwingine mgongoni. Mtu ananiuliza ilikuwa saa ngapi. Nani alikuwa na saa? Jirani yangu hapa zoni yetu, mama mkweli kuliko wote ninaowajua, alishindwa kusema tarehe ambayo mume wake aliuawa. Alisema tu ilikuwa siku ya soko. Wakaandika kwamba maelezo hayalingani. Daktari Fleming angesema tarehe, saa, dakika na rangi ya tai aliyokuwa amevaa.

Lakini, na hili lazima nilikubali kwa kuwa nimeamua kuandika, mimi kwenye jambo lile nilikuwa Fleming. Mama jirani alikuwa na ukweli wenye matundu. Mimi nilikuwa na uongo wenye radi na mwavuli. Na yule ofisa, bila kuiona nusu saa yangu, aliunusa.

Mahojiano yalikwisha. Nikashukuru, nikasimama, nikachukua kadi yangu. Nilifika mlangoni. Mkono ulikuwa tayari kwenye pazia. Sijui niwaelezeje. Sikuamua. Nilijikuta nimesimama, mkono wa kulia kwenye paji la uso, na nimegeuka.

"Ofisa," nikasema, "kuna kitu kimoja tena."

Mkalimani aliketi upya. Ofisa akafungua tena faili. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa ningekaa nisingemaliza: mdogo wangu, shamba, boti, kitenge, foleni, neno "ndiyo". Ilichukua dakika kumi. Nilipomaliza alikaa kimya, akafunga kalamu, akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Kijana anajua?"

Hajui.

"Basi aje nanyi Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Ataongea na mwenzangu, wa watoto. Lakini ajue kabla. Na ajue kutoka kwako."

Hakuniambia kama nimeharibu au nimetengeneza. Mpaka naandika hapa hajaniambia.

Niliporudi, mama watoto aliponiuliza yalikwendaje, nikamweleza yote. Alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Ulichelewa, lakini umefika." Wiki mbili nikawa naamka na maneno mdomoni na nalala nayo. Ndipo nikaenda kwa kijana wa memori. Sina picha ya mdogo wangu hata moja. Tulizoacha Uvira ziliachwa. Kitu pekee ninachoweza kukionyesha kwa mkono na kusema "hiki baba yako alikipenda" ni polisi mwenye koti.

Basi, Jumapili, asilimia 31. Columbo anakwama. Daktari ana rafiki mkubwa kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, analalamika, Columbo anasukumwa pembeni. Watoto walikasirika sana. Mimi nilimwonea wivu daktari: mtu anayesumbuliwa na maswali halafu ana namba ya kupiga.

Kisha inakuja sehemu ambayo sikuikumbuka kabisa. Columbo anamfuata Joan kazini kwake. Anamweka peke yake. Na anamfokea. Columbo! Anapaza sauti, anamwambia daktari ni mgumu lakini wewe ndiye kiungo dhaifu, sitakuacha, nitakuandama mpaka uvunjike. Msichana anatetemeka. Uso wa Peter Falk pale si wa kuchekesha hata kidogo.

Nilisimamisha simu. Nilikuwa na hakika kwamba hii haikuwepo kwenye kaseti. Kisha nikakumbuka. Ilikuwepo. Baba mdogo alitafsiri hivi: "Anamwambia pole, umechoka, nitarudi kesho." Na sisi tulimwamini, japo yule mtu kwenye kioo alikuwa amekunja uso na mishipa imemtoka. 1991 ndio mwaka ambao wanajeshi walipora Kinshasa na miji mingine. Sisi watoto tulishajua polisi na askari wanavyouliza maswali. Nadhani baba mdogo alitaka tuwe na mmoja, mmoja tu, anayeuliza bila kufoka. Akamtengeneza kwa mdomo wake, pale pale, bila kuharibu picha.

"Papa, anasema nini?" Kijana ananisubiri.

Nilitafsiri kama ilivyo. Kila neno.

"Lakini si ndiye muzuri?" akasema. Sikuwa na jibu. Mama yake akajibu kutoka gizani: "Muzuri naye anachoka." Sikubaliani naye sana. Nafikiri Columbo alijua nani wa kufokewa. Daktari mwenye pesa aliombwa radhi mara ishirini, na msichana asiye na mtu akapigiwa kelele. Hilo halihitaji Los Angeles kulielewa. Naambiwa na waliotazama zote kwamba baadaye Columbo karibu hafoki tena, na nashukuru. Labda walioitengeneza nao waliona.

Mwisho ni wa bwawa. Joan amejizamisha, mwili unatolewa majini, daktari anafika. Columbo anamwambia umeshinda, msichana uliyempenda amekufa kwa ajili yako. Na daktari, kwa kuwa sasa hakuna shahidi, anatoa moyo wake nje: hakumpenda kamwe, alikuwa chombo tu, naye angemwondoa siku moja. Kumbe Joan amesimama pale, mzima, anasikia. Aliyetolewa majini alikuwa polisi wa kike. Joan anasema yuko tayari kueleza yote.

Asilimia 11. Nikazima kioo kulinda chaji. Giza likaingia na sauti ya maharage.

Kijana akauliza: "Kwa hiyo alisema kwa sababu amekasirika, ao kwa sababu ni kweli?"

Dada yake akasema amekasirika. Mama yake akasema vyote viwili. Mimi nikasema, "Ngoja. Na mimi nina kitu cha kusema." Sauti yangu haikuwa yangu. Nikamwambia kama nilivyomwambia ofisa, lakini safari hii nimekaa, na polepole. Mdogo wangu. Shamba. Boti. Kitenge. Nikamwambia na ile "ndiyo" yangu mezani, na mvua ya mwezi wa saba. Dada yake akaanza kulia. Yeye hapana. Ana miaka 14, umri ambao uso unafungwa kama duka.

Baada ya muda akasema, "Sasa nikuite nani?"

"Kwa haki mimi ni baba mkubwa wako. Baba mkubwa ni baba. Niite unavyotaka."

Akafikiri. "Papa ni fupi."

Nimemwuliza kama naweza kuandika haya humu. Amesema sawa, ila nisiweke jina lake, na niseme kwamba yeye alimshuku daktari kabla hata hajavaa glavu. Nimesema.

Usiku ule hakutaka kulala. Alikuwa anachora chini kwa kijiti. Kisha, kama mtu anayeulizia kitu kidogo tu:

"Alikuwaje?"

Nikaanza: alikuwa mrefu kidogo kunishinda, alikuwa na pengo hapa, alipenda sukari. Maneno yalikuwa kama tangazo la mtu aliyepotea. Nikaona hayafai. Nikasimama. Nikachukua blanketi letu la kijivu, nikalitupia mabegani, likanifika visiginoni. Mama watoto akanimulikia tochi bila kuambiwa. Nyumba yetu ni hatua tano. Nikatembea taratibu mpaka mlangoni, nikashika ubao kama naondoka, nikasimama. Nikaweka mkono kwenye paji la uso, nikageuka.

Dada yake alicheka na machozi bado yapo. Kijana hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wangu ulivyokaa, vidole vilivyo, anaupima. Kisha akasimama akasema, "Lete blanketi."